Ajali za helikopta: Kinga ipo, ila wengi hawalazimishwi kuitumia

Kila helikopta inapoanguka Afrika Mashariki, tunajua kitakachofuata. Picha za mabaki zinazunguka WhatsApp kabla hata polisi hawajafika. Viongozi wanatuma rambirambi. Timu ya uchunguzi inaundwa. Kisha anatokea mtu mzima na lile neno linalofunga mjadala: ajali haina kinga.

Je, ni kweli?

Ukikaa ukazisoma ripoti za ajali za helikopta duniani, unaanza kuona zinafanana kama mapacha. Rubani ameingia kwenye wingu au ukungu asioutarajia. Ameruka chini mno akagonga waya. Kifaa kilianza kuchoka na hakuna aliyekisikiliza. Mzigo umezidi. Mteja ana haraka. Mambo haya yanajulikana, na dawa yake inajulikana pia.

Tatizo ni kwamba sehemu kubwa ya dawa hiyo haimo kwenye sheria. Imo kwenye kitu kinachoitwa viwango vya hiari, yaani masharti ambayo kampuni za helikopta, wateja wao na vyama vyao wamejiwekea wenyewe, juu ya yale yanayodaiwa na mamlaka ya anga. Anayetaka anayafuata. Asiyetaka, anaendelea na safari zake na cheti chake kiko halali kabisa.

Sasa swali: hiari inaweza kweli kuokoa maisha? Jibu fupi ni ndiyo, lakini pale tu anayelipia safari anapotaka iwe hivyo. Na hapo ndipo sisi tuna kazi.

Kwa nini sheria peke yake haitoshi

Kila nchi ina mamlaka yake ya usafiri wa anga. Tanzania kuna TCAA, Kenya KCAA, Uganda UCAA. Zote zinafuata miongozo ya shirika la kimataifa, ICAO. Zinatoa leseni kwa marubani na cheti cha uendeshaji kwa kampuni, na zinakagua ndege.

Lakini sheria ni kiwango cha chini. Inaandikwa kwa ajili ya wote, na kuibadilisha kunachukua miaka.

Isitoshe, mfumo wa anga umejengwa zaidi kwa kuangalia ndege za abiria: zinatoka uwanja huu kwenda ule, njia inajulikana, mnara unaongoza, taarifa ya hali ya hewa ipo. Helikopta haina maisha hayo. Leo inatua kwenye kiwanja cha shule ya msingi, kesho kando ya mlima, keshokutwa kwenye mtambo wa gesi baharini. Mara nyingi ni rubani mmoja tu na uamuzi wake.

Halafu kuna suala la ukubwa. Shirika la ndege lina idara nzima ya usalama. Waendeshaji wengi wa helikopta wana mashine mbili tatu. Mwenye kampuni ndiye anapokea simu za wateja, na wakati mwingine ndiye anarusha. Hapo nani atamwambia bosi kwamba leo haturuki?

Somo la Calabasas

Januari 26, 2020, helikopta aina ya Sikorsky S-76B ilianguka kwenye vilima vya Calabasas, California. Watu wote 9 waliokuwemo walifariki, akiwemo nyota wa mpira wa kikapu Kobe Bryant na binti yake Gianna, aliyekuwa na miaka 13. Dunia nzima ilizungumza. Ila ni wangapi walifuatilia matokeo ya uchunguzi, yaliyotoka mwaka mmoja baadaye?

Bodi ya usalama wa usafiri ya Marekani, NTSB, haikukuta ubovu wowote kwenye injini wala mitambo. Rubani alikuwa mzoefu. Kampuni iliruhusiwa kurusha kwa macho tu, yaani rubani lazima aione ardhi. Asubuhi ile mawingu yalikuwa yamekaa chini. Rubani aliendelea na safari mpaka akaingia ndani ya wingu na kupoteza mwelekeo. Wakati anawaambia waongoza ndege kwamba anapanda juu, helikopta ilikuwa tayari inashuka.

Mtu anaweza kushangaa: rubani anashukaje bila kujua? Ukiwa ndani ya wingu, sikio la ndani linakudanganya. Mwili unaamini mko sawa, kumbe mnapinda na kushuka. Timu ya usalama wa helikopta ya Marekani, USHST, ilipopitia ajali mbaya za aina hii, ilikuta kwamba tangu rubani aache kuona nje hadi kuanguka ni wastani wa sekunde 56. Hata dakika haifiki.

Sasa tuje kwenye sehemu inayohusu mada yetu. Kampuni ile ilikuwa na fomu ya kupima hatari kabla ya kuruka. Rubani aliijaza mapema, lakini hakuirudia kwa kutumia hali ya hewa ya wakati wa kuondoka. Angeirudia, taratibu za kampuni yenyewe zingemtaka kwanza ashauriane na mkuu wa uendeshaji na aeleze mpango wa pili ni upi.

Mfumo mzima wa kusimamia usalama, ambao fomu hiyo ni sehemu yake, ulikuwa wa hiari kwa kampuni za aina hiyo nchini Marekani. Kampuni ilikuwa nao, lakini NTSB ilisema haikuusimamia vya kutosha. Yaani karatasi zilikuwepo, ila hakukuwa na wa kuhakikisha zinafuatwa.

Kuna jambo jingine. Wachunguzi hawakupata ushahidi kwamba Bryant au watu waliopanga safari walimshinikiza rubani. Walichoona ni shinikizo ambalo huenda rubani alijiwekea mwenyewe: mteja mkubwa, safari aliyoizoea, hamu ya kumfikisha. Kwa hiyo hata mteja akiwa amenyamaza, ukubwa wake peke yake unaweza kuwa mzigo. Tutahitaji hoja hii mbele.

Bahari ya Kaskazini: mteja aliposema hapana

Twende kaskazini mwa Ulaya, kwenye bahari iliyo kati ya Uingereza na Norway. Huko, kwa miongo kadhaa, wafanyakazi wa mafuta wamekuwa wakipanda helikopta kwenda kazini kama sisi tunavyopanda daladala au matatu.

Novemba 6, 1986, helikopta kubwa aina ya Chinook ikiwa na watu 47 ilikuwa karibu kufika uwanja wa Sumburgh, visiwa vya Shetland. Giaboksi ya mbele ikashindwa kazi, mapanga ya mbele na ya nyuma yakagongana. Watu 45 walifariki, wawili tu wakaokolewa.

Baada ya hapo lilibaki swali moja: mashine hii haikuwa imelalamika kabla? Maana gia inayokaribia kufa hubadilisha mtetemo. Fundi wa gereji pale mtaani anaijua hiyo, anakwambia "zima kwanza, hii sauti siyo". Ndipo ukaja mfumo uitwao HUMS. Ni vifaa vinavyosikiliza mtetemo wa injini, giaboksi na mapanga muda wote wa safari, kisha fundi anasoma data na kuona kinachoanza kuchoka.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, waendeshaji wa Bahari ya Kaskazini walianza kufunga HUMS kabla sheria haijawalazimisha, na kampuni za mafuta zilizokuwa zinakodi helikopta hizo zilikuwa sehemu ya msukumo huo. Mwaka 1999 mamlaka ya anga ya Uingereza ikaifanya kuwa lazima. Hivyo ndivyo hiari inavyotakiwa kwenda: walio mbele wanajaribu, wanaona inafaa, sheria inakuja kuwabeba na walio nyuma.

Mwaka 2014, baada ya mfululizo wa ajali kwenye bahari hiyo hiyo, kampuni 5 kubwa za helikopta za baharini ziliunda chama chao, HeliOffshore. Hawa ni washindani, wanagombea zabuni zile zile. Lakini walikubaliana kwamba kwenye usalama hakuna kufichana. Kampuni moja ikijifunza kitu kwa uchungu, wengine wajue kabla hakijawakuta.

Nao umoja wa kampuni za mafuta na gesi, IOGP, mwaka 2020 ulitoa mwongozo unaoitwa Ripoti 690. Unaeleza kile ambacho mteja anapaswa kudai kabla ya kumpandisha mfanyakazi wake: mafunzo ya marubani kwenye simyuleta, HUMS, kupitia data za safari ili kuona tabia mbaya kabla haijaua, na vifaa vya kunusurika majini.

Sekta ya madini ina wa kwake. Tangu mwaka 2010 shirika la Flight Safety Foundation linaendesha kiwango kiitwacho BARS. Kampuni ya ndege au helikopta inakaguliwa na wakaguzi huru, na kampuni za madini zilizo wanachama zinaweza kuiona ripoti moja ile ile, badala ya kila moja kutuma mkaguzi wake. Kwa watalii huko Marekani upo mpango wa TOPS, ulioanzishwa na waendeshaji wenyewe mwaka 1996.

Sasa angalia kilichofanya mambo haya yakae. Mteja alikuwa na pesa, alikuwa na wanasheria, na alikuwa tayari kusema: bila haya, mkataba hakuna. Hapo neno "hiari" linabaki jina tu. Kampuni ina hiari ya kufuata, na mteja ana hiari ya kwenda kwa mwingine.

Kwetu mteja ni nani?

Usidhani viwango hivi havijawahi kufika huku. Umoja wa Mataifa una viwango vyake vya anga kwa ajili ya kukodi ndege na helikopta za kulinda amani na kupeleka misaada. Huduma ya UNHAS iliyo chini ya WFP, inayofanya kazi sehemu kama Kongo, Sudan Kusini na Somalia, haitosheki na cheti cha nchi peke yake. Inafanya tathmini yake.

Maana yake ni kwamba rubani yule yule, kwenye anga ile ile ya Afrika, anaweza kuruka maisha mawili. Akimbeba mfanyakazi wa misaada anaruka na masharti marefu nyuma yake. Akimbeba mgombea ubunge, anaweza kuwa amebaki na sheria na busara yake tu.

Na mgombea si mteja mdogo. Chopa imekuwa sehemu ya kampeni Kenya na Tanzania. Ni usafiri, lakini pia ni onyesho. Wananchi wanaisikia kabla hawajaiona, watoto wanatoka mbio, vumbi linatanda, mheshimiwa anashuka.

Fikiria siku ya rubani huyo. Mikutano mitano au sita. Kiwanja asichokijua, mara nyingi cha shule. Umati unaosogea hadi karibu na panga la mkia, ambalo likizunguka halionekani. Mkutano wa tatu umechelewa, wa nne umechelewa zaidi. Saa kumi na moja jioni bado kuna mmoja, mbele kuna kilima na wingu jeusi. Mheshimiwa anasema: "Kapteni, wananchi wanatusubiri."

Hajamlazimisha. Amesema tu. Lakini kumbuka Calabasas: hata asiyesema kitu anaweza kuwa shinikizo. Sasa huyu amesema, na ndiye analipa.

Historia yetu ina kurasa za huzuni za msimu huu. Oktoba 15, 2015, siku 10 kabla ya uchaguzi mkuu wa Tanzania, Deo Filikunjombe, aliyekuwa mbunge wa Ludewa, alifariki pamoja na wenzake helikopta ilipoanguka katika pori la Selous. Oktoba 21, 2017, siku chache kabla ya uchaguzi wa marudio wa urais Kenya, helikopta yenye watu 5 ilitumbukia Ziwa Nakuru.

Hatusemi haraka ya kampeni ndiyo iliyowaua. Kila ajali ina chanzo chake. Tunachosema ni kwamba msimu wa kampeni unakusanya mahali pamoja karibu kila hatari ambayo viwango vya hiari viliandikwa kuizuia: ratiba iliyobana, viwanja visivyokaguliwa, mabadiliko ya dakika ya mwisho, na abiria ambaye ni vigumu kumwambia hapana.

Kwa hiyo hali yetu ni kinyume cha ile ya Bahari ya Kaskazini. Kule mteja ndiye aliyevuta breki. Huku mteja ndiye mara nyingi anakanyaga mafuta.

Ndege za serikali: hapa hata sheria haifiki

Kuna kundi jingine ambalo halizungumzwi sana. Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944, ambao ndio mama wa sheria za anga duniani, ni wa ndege za kiraia. Kifungu cha 3 kinaziweka pembeni ndege za serikali, yaani zile za jeshi, polisi na forodha.

Sasa hesabu vifo vilivyotikisa ukanda huu.

Julai 30, 2005, John Garang, aliyekuwa ametoka kuapishwa kuwa makamu wa kwanza wa rais wa Sudan, alifariki akiwa kwenye helikopta ya rais wa Uganda. Juni 10, 2012, waziri wa usalama wa ndani wa Kenya George Saitoti, naibu wake Orwa Ojode na watu wengine 4 walifariki katika helikopta ya polisi kwenye msitu wa Ngong. Aprili 18, 2024, mkuu wa majeshi ya Kenya, Jenerali Francis Ogolla, alifariki na wanajeshi wengine 9 katika helikopta ya jeshi huko Elgeyo Marakwet.

Zote tatu zilikuwa ndege za serikali. Zipo taratibu za ndani za jeshi na polisi, ndiyo. Lakini mkaguzi wa nje, yule anayetazama shughuli ya kiraia, hapo si lazima aingie. Kwa ndege za aina hii, kujiwekea kiwango cha juu na kumkaribisha mtu wa nje akukague ni karibu njia pekee. Hakuna anayeweza kukulazimisha. Lazima utake mwenyewe.

Na hapa kujali kungekuwa na faida ya haraka, maana helikopta hizi ndizo zinabeba mawaziri, majenerali na maafisa wa vikosi vya operesheni.

Hiari nayo ina mipaka yake

Tusiuziane mbuzi kwenye gunia. Viwango vya hiari si uchawi.

Aprili 29, 2016, helikopta aina ya EC225 ilianguka Turøy, Norway, ikitoka kwenye mtambo wa mafuta. Mapanga ya juu yaling'oka mazima. Watu 13 walifariki. Hii ilikuwa ni Bahari ya Kaskazini, kwenye mfumo ulio miongoni mwa mifumo mikali zaidi duniani, na HUMS ilikuwemo. Gia ndani ya giaboksi ilikuwa imepata ufa wa uchovu wa chuma, ila mfumo haukuugundua. Kiwango kizuri hakifuti kosa la usanifu wa mashine.

Mfano wa pili. Mwaka 2006 sekta ya helikopta duniani ilianza kampeni ya pamoja iliyojiwekea lengo la kupunguza ajali kwa asilimia 80 ifikapo 2016. Wataalamu wa Marekani walichambua ajali 523 moja moja ili kujua nini kingezuia nini. Ilikuwa kazi kubwa na viwango vya ajali vilishuka, lakini ile asilimia 80 haikufikiwa.

Sababu moja ni hii: wanaojitokeza kwenye semina za usalama ni wale ambao tayari wanajali. Yule mwenye helikopta moja na madeni matatu haji. Na yeye ndiye ungetaka aje.

Mfano wa tatu ni cheti cha ukutani. Kampuni inaweza kupita ukaguzi Machi na kuvunja taratibu zake Aprili. Ndiyo maana Marekani imeamua kugeuza hiari hiyo kuwa sheria. Aprili 2024 mamlaka ya anga ya huko, FAA, ilipitisha kanuni inayozitaka kampuni za kukodisha ndege na helikopta ziwe na mfumo wa kusimamia usalama, mwisho Mei 2027. Somo la Calabasas na mengine kama hayo limechukua miaka kufika hapo.

Nani anaweza kuvuta breki huku?

Ikiwa hiari inafanya kazi pale tu anayelipa anapotaka, basi tutafute walipaji. Wapo, na si wachache.

Bima. Helikopta ya kukodi inahitaji bima. Kampuni ya bima ikimpa nafuu ya malipo mwenye mfumo wa usalama uliokaguliwa, na kumtoza zaidi asiye nao, mwenye helikopta ataelewa somo haraka kuliko kwenye semina.

Vyama vya siasa. Chama kinachokodi chopa tano kwa miezi miwili ni mteja mkubwa kama mgodi. Kinaweza kuandika kwenye mkataba mambo manne tu: hakuna kuruka kwa macho baada ya jua kuzama, rubani ana neno la mwisho, kiwanja kikaguliwe kabla na kilindwe, na safari ikiahirishwa kwa sababu ya hali ya hewa kampuni isikatwe malipo. Hilo la mwisho ndilo lenye uzito. Rubani anayejua kuwa kuahirisha kutamkosesha bosi pesa hayuko huru kuamua.

Hifadhi na hoteli za kitalii. Anayempeleka mtalii kuona wanyama au mlima kwa helikopta anaweza kudai ripoti ya ukaguzi huru kabla ya kuruhusu mashine kutua kwenye eneo lake.

Hospitali na mashirika ya uokoaji. Kwenye helikopta za wagonjwa huko Marekani kuna utaratibu mzuri usiogharimu hata shilingi: wote ndani ya ndege wakubali ndipo iruke. Muuguzi mmoja tu akisema hapana, safari imekufa, na hakuna kumuuliza maswali ya kumtisha.

Na mamlaka zenyewe? Zinaweza kuchapisha orodha ya waendeshaji waliokubali ukaguzi wa ziada. Kuwepo kwenye orodha iwe hiari. Ila kutokuwepo kutaonekana.

Vipi kuhusu gharama? Ni hoja ya kweli. HUMS si bei ya sokoni, na mwenye helikopta moja hawezi kuajiri afisa usalama. Lakini sehemu kubwa ya kinga ni bure au karibu na bure. Kampeni ile ya kimataifa ilitoa miongozo ya bure kwa ajili ya waendeshaji wadogo. Fomu ya kupima hatari ni karatasi. Kampuni tatu ndogo zinaweza kumlipa afisa usalama mmoja kwa pamoja.

Ipo pia mbinu ya kuweka mstari kabla ya safari. Rubani anakubaliana na nafsi yake na kampuni yake akiwa bado chini, kichwa kimetulia: nikijikuta nimepunguza mwendo au nimeshuka chini ili tu nione njia, hapo hapo nageuka au natua. Chama cha sekta ya helikopta cha Marekani kimekuwa kikiwahimiza marubani kwa ujumbe ambao kwa Kiswahili ungekuwa: tua, uishi. Faida ya helikopta kuliko ndege ni kwamba inaweza kutua shambani, ikasubiri wingu lipite. Wahenga walishalisema: kawia ufike.

Ukipewa lifti ya chopa, uliza haya

Huenda wewe si waziri. Lakini waandishi wa habari, walinzi, wapiga picha na wasaidizi hupanda helikopta kila msimu, na wao ndio hawana sauti kabisa. Kabla ya kupanda:

1. Kampuni hii ina cheti cha uendeshaji cha kubeba abiria kwa malipo? Helikopta binafsi ya rafiki wa mheshimiwa ina masharti mepesi zaidi.
2. Rubani ameangalia hali ya hewa ya huko tunakokwenda, na ya njiani, ndani ya saa hizi?
3. Tutafika kabla ya giza, hata tukichelewa?
4. Uzito wetu na mizigo umepigiwa hesabu? Kama hakuna aliyekuuliza kilo zako, hilo ni jibu.
5. Tukipita juu ya ziwa au bahari, jaketi la kuokolea liko wapi na mlango unafunguliwaje?
6. Nikisema siendi, kuna atakayenikasirikia?

Swali la 6 ndilo linalopima kampuni kuliko yote. Penye mfumo mzuri wa usalama, anayesema hapana anashukuriwa.

Saa inakimbia

Kenya inaelekea uchaguzi mkuu wa Agosti 2027. Mikataba ya chopa itasainiwa kabla ya hapo, mingi kwa simu na kwa kujuana. Huo ndio wakati wa kuweka masharti. Katikati ya kampeni itakuwa kuchelewa, maana hapo kila mtu anakimbia.

Bahari ya Kaskazini haikupata marubani malaika. Ilipata wateja waliochoka kuzika wafanyakazi wao, wakaamua kulipia tahadhari na kukubali kuchelewa. Vyama, hoteli, hospitali na serikali zetu zinaweza kuamua hivyo hivyo wiki hii, bila kusubiri bunge wala kanuni mpya. Zikikaa kimya, helikopta itakapoanguka tena, tusiseme haikuwa na kinga. Tuseme ilikuwepo, na hatukuilipia.